Mzee Asiyeimba Wimbo wa Chuo

Habari za kifo chake zilinikuta nikiwa kwenye kazi ninayoimudu kuliko zote, nayo ni kukaa nyumbani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kunitoa hapa Korogwe mjini hata kunivusha mto tu ni shughuli inayohitaji kikao. Aliyepiga simu ni mjumbe mwenzangu kwenye kamati ya wahitimu wa chuo cha muziki, mtu wa Handeni, na siku hiyo salamu zake zilikuwa fupi. Akasema, "Yule mtu wako amefariki." Nikauliza mtu wangu yupi. Akasema yule mzee wa kijiji cha Kwaluguru, huko huko Handeni, yule niliyemrudisha getini. Nilisema maneno yanayosemwa, Mungu amrehemu na yaliyobaki, halafu nikafanya jambo ninaloona haya kulieleza: nikashuku. Nikajiuliza kwa nini naambiwa mimi, kwa nini wiki hii, mkutano wetu wa mwaka ukiwa umekaribia, na kama si mbinu ya kunifanya nijione mbaya mbele ya kamati. Mtu wa tabia yangu hata msiba anaudai kitambulisho.

Nieleze kwa asiyejua. Chuo chetu kiko huku Korogwe, si kikubwa, na mara moja kwa mwaka waliopita pale hukutana kutwa nzima. Watu hukumbatiana, hudanganyana kuhusu idadi ya bendi walizopigia, mgeni aliyealikwa hutoa hotuba, kisha tunakula. Mimi ni katibu wa mkutano huo, lakini msinipigie makofi bado. Chuoni nilikaa miezi mitatu tu, kozi fupi ya gitaa, na mwalimu aliniaga kwa kusema vidole vyangu vina bidii ila havina habari. Cheti changu kimeandikwa kwamba nilihudhuria, neno la busara kabisa maana halisemi kama nilijifunza. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko mzuri na kwa sababu ya safu hii, maana waliamini mtu anayeandika gazetini lazima anajua mambo. Nikakikalia kiti kile kama kuku anayeatamia, na kama kuku huyo, kila aliyekaribia nilimtazama kwa jicho la pembeni.

Desturi yetu ni kwamba mgeni hafungui kinywa kabla wimbo wa chuo haujaimbwa. Tunasimama kwa sauti, si kwa mwaka wa kumaliza: wa sauti ya kwanza mbele, wa pili, wa tatu, na sisi wa besi nyuma kabisa karibu na mlango. Ni wimbo mzuri, siwezi kuusema vibaya. Kila mstari unapoisha sauti za juu zinatulia kwa mapigo mawili, na katika utulivu huo besi tunaingia na "chuo chetu, chuo chetu." Nikiri hapa kwamba hayo ndiyo maneno pekee ninayoyaweza kwa uhakika. Mahali pengine pote nachezesha midomo. Ukutani ukumbini kuna ubao mrefu wa rangi ya bluu ulioandikwa maneno yote ya wimbo, na chini yake jina la mwalimu mwanzilishi, ambaye ni marehemu, kwamba ndiye mtunzi.

Sasa huyu mzee. Kila mwaka alitoka Handeni asubuhi na mapema, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kufuma, akakaa safu ya tatu upande wa dirishani. Kwenye daftari langu la mahudhurio kuna sehemu ya jina, ya mwaka wa kumaliza na ya sauti. Yeye aliandika jina lake vizuri, halafu penye mwaka akachora mstari, na penye sauti akachora mstari mwingine. Wimbo ulipoanza alisimama kwa heshima zote, lakini mdomo aliufunga. Hakuimba hata neno moja. Alikiinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza gari lake likijaribiwa na fundi asiyemwamini. Hotuba ikiisha, mara nyingi aliondoka hata kabla ya chakula. Nilipompa shikamoo aliitikia marahaba kwa upole, kisha akaniuliza, "Hamjambo na wimbo wenu?" Kila mwaka swali hilo hilo, na hilo neno "wenu" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaanza kuulizia. Waliomaliza miaka ya mwanzo hawakumkumbuka, wa miaka ya kati vivyo hivyo. Mmoja alisema huenda ni mtu wa usalama. Mwingine akasema huenda ni mpweke tu anayependa mikusanyiko. Dhana hiyo ya pili niliitupa mara moja, kwa kuwa haikuwa na ubaya wa kutosha.

Ushahidi, au nilichokiita ushahidi, niliupata kwa bahati mbaya ya ndoa. Mke wangu alinikokota kwenda kwenye harusi ya mpwa wake huko Kwaluguru, nikaenda nikinung'unika njia nzima. Asubuhi ya shughuli nilikaa uani kusubiri chai, na mbele yangu wanawake wawili wakitwanga viungo vya pilau kwenye kinu kimoja, huku wenzao wakichambua mchele. Wakaanza kuimba. Mashavu yakaniwaka moto. Ulikuwa wimbo wa chuo, sauti ile ile, ila maneno ya Kizigua. Na tena, nikajiambia kwa kiburi, wameiba vibaya, maana pale panapotakiwa "chuo chetu, chuo chetu" hawakuweka kitu. Walinyamaza tu, michi ikasikika ikipiga, wakaendelea na mstari unaofuata. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba sasa nimejua yule mzee anakuja kwetu kufanya nini: anabeba wimbo wetu kidogo kidogo na kuuleta kwao. Mke wangu alinitazama, akaniambia ninywe chai.

Mwaka huo mgeni wetu alitoka Dar es Salaam, kijana wa miwani anayejua sheria, akazungumza juu ya haki za watunzi. Alisema mwizi wa wimbo hana tofauti na mwizi wa mbuzi, ila mbuzi hulia. Ukumbi ulicheka, na mimi kichwa kikajaa upepo. Ulipofika wakati wa maswali nilisimama na kusema, bila kutaja jina ila macho yangu yakiwa dirishani, kwamba hata humu ndani wamo wanaokuja kwa kanzu safi na kuondoka na mali yetu, na kwamba wimbo wa chuo unaimbwa Kwaluguru kwenye vinu. Shingo zote zikageuka. Mzee alisimama taratibu. Hakukasirika, na hilo nalo nililishuku.

"Bwana katibu, mdogo wangu," alisema, "umeusikia kwetu, sikatai. Lakini mama yangu alikuwa akitwangia wimbo huo kabla chuo hiki hakijaezekwa bati. Nauliza tu, jina lake mmeliweka wapi?"

Mwenyekiti wetu ana kipaji kimoja kikubwa, cha kuona chakula kimeiva hata kama kuni bado mbichi. Alitangaza tukale. Mezani watu walisema mzee amechanganyikiwa, mimi nikasema hajachanganyikiwa hata kidogo, ni mjanja. Kikao kilichofuata nikapendekeza kwamba kuanzia sasa anayeingia aonyeshe cheti, na barua ya mwaliko nikaiandika mwenyewe kwa ule mwandiko wangu mzuri. Nilijua hana cheti. Nilijua pia, na hili sikulitia kwenye muhtasari, kwamba sharti lile lingesomwa kwa makini lingeweza kunitoa hata mimi. Ndiyo maana niliomba kazi ya kukaa getini.

Mwaka uliofuata alikuja na kanzu ile ile. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamwambia jina lake halimo kwenye orodha. Akasema hilo analijua. "Langu sikulifuata," akasema. "Nimefuata kusikia kama mwaka huu la mama litatajwa." Nikamsomea sharti la cheti kama lilivyoandikwa, kwa sauti rasmi ya mtu asiyejiamini. Alitikisa kichwa, akaenda kusimama nje ya ua, upande wa ukumbi. Wimbo ulipoimbwa nilikimbilia nafasi yangu ya besi nikafanya zamu yangu ya maneno mawili, na kupitia dirishani nilimwona pale nje, mdomo umefungwa, kichwa upande. Tulipokaa tena hakuwepo. Sikumwona tena.

Msibani nilikwenda siku ya tatu. Sitajisifu kwamba ni huruma iliyonipeleka, maana nusu nzima ya safari nilikuwa natunga maswali. Wanaume walinipokea vizuri kwenye mkeka, wakanipa pole kama mfiwa, jambo lililozidi kuniumiza. Kisha dada wa marehemu, mama mtu mzima mwenye sauti kavu, akaja akauliza kama ndiye mimi katibu. Nikakubali. Akanieleza bila kupandisha sauti. Kaka yake aliingia chuoni pale mwanzoni kabisa, akasoma mihula miwili, baba yao akaugua, akarudi shambani asimalize. Katika mihula hiyo mwalimu aliwaambia kila mwanafunzi alete wimbo wa kwao. Yeye akaleta wa mama, akauimba darasani, mwalimu akauandika ubaoni. Aliposikia umekuwa wimbo wa chuo alifurahi siku nyingi, akaja kwenye mkutano ili akirudi amsimulie mama alivyotajwa. Hakutajwa. Mama akauliza, akajibiwa labda mwakani. Mwakani akauliza tena. Aliuliza hivyo mpaka alipofariki, na mwana akaendelea kuja, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwahidi.

Nilimsikiliza kwa sikio moja, la pili likitafuta kasoro. Nikauliza, kwa ule ujasiri wa mjinga, kwamba kama wimbo ni wa kwao, mbona wao wanauimba na matundu, na sisi tumeukamilisha? Pembeni palikuwa na bibi mmoja akitwanga mahindi ya wageni na mwenzake kwenye kinu kimoja. Akasimamisha mchi mkono ukiwa juu.

"Hayo matundu ndiyo wimbo, baba," akasema. "Mkijaza maneno pale, mchi unashuka saa ngapi?"

Akaushusha. Michi ikapiga mara mbili, wa kwake kisha wa mwenzake, mahali pale pale ninapoimbia "chuo chetu." Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, mkono mdomoni. Nikapiga hesabu. Mtu akiiba wimbo wa kwaya kuupeleka kinuni, hawezi kubahatisha kukata maneno mawili na kuacha upenyo unaotosha michi miwili. Lakini anayeutoa kinuni kuupeleka ukumbini, ambako hakuna kinu, ataona kimya hakina kazi, atakijaza. Tulikijaza sisi. Na kwa miaka yote ile mzee alifunga mdomo kwa sababu kila tulipoimba, tuliimba juu ya mikono ya mama yake.

Bado nina shaka zangu, kinu hakijaniponya. Huenda mwalimu hakuwa mwizi, huenda alisema ameupanga tu wimbo kwa sauti nne na mchora ubao akaandika ametunga. Huenda alikusudia kurekebisha. Lakini nimeona jinsi shaka yangu ilivyokuwa na adabu kwa wakubwa na ukali kwa wanyonge. Ubao wa rangi ya bluu sikuuliza hata siku moja umepata wapi habari zake, eti kwa kuwa ulikuwa ukutani. Mzee nilimdai karatasi, na wimbo wa kinuni haujawahi kuwa na karatasi. Ndivyo tunavyofanya siku hizi huku kwetu: shamba bila hati si lako hata kama babu amezikwa humo, na wimbo bila cheti si wako hata kama ulinyonya ukiimbiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nilikuwa nakung'uta nguo za watu wa Handeni.

Nimelipeleka jambo kwenye kamati. Nimeomba ubao uandikwe upya, na jina la mama yule lisomwe kabla ya wimbo. Mwenyekiti amesema suala limekufa na mwenyewe. Makamu wake amesema tuletewe ushahidi wa maandishi, kisha akaongeza, akinitazama kwa upole usio wa kawaida, kwamba itabidi kamati nzima ionyeshe vyeti. Nimeelewa. Safu hii haitaji majina, lakini jina la mama ninalo, nimelipata kwa binti yake, na siku ya mkutano nitalisema kwa sauti kabla sauti ya kwanza haijavuta pumzi, mgeni akiwepo, cheti changu cha kuhudhuria kikiwa mfukoni kwa atakayekitaka. Ushahidi wa maandishi ndio huu mnaousoma, umeandikwa na yule yule aliyemfukuza shahidi. Nilichojifunza kwa mzee yule ni kidogo na kimechelewa: kabla hujamtilia mtu shaka, jiulize wewe utapoteza nini ikiwa anasema kweli. Mimi ningepoteza maneno mawili tu, na kwa ajili ya hayo nilimwacha mtu mzima asimame juani nje ya ua, akisubiri kusikia jina la mama yake.