Mtani wa Mwalimu

Juzi, kwenye mhadhara wa wazi pale chuoni, profesa alieleza utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi pua yangu ilijaa harufu ya rangi ya viatu na damu.

Nilikuwa mdogo, nimekaa miguuni pa mama katika ukumbi wa shule, Tabora, zama za Mwingereza. Mwalimu wetu, Mnyamwezi, alikuwa akiwahutubia watu wa mji kuhusu wapagazi wa misafara. Mzee Kibwana, fundi cherehani Mzaramo, akapayuka: “Mwongo huyo! Babu yake tulimnunua kwa kibaba cha chumvi!”

Watu wakaangua kicheko. Mzungu aliyekaa mbele hakucheka; aliinua kidole tu. Askari wakamvamia mzee kwa virungu na mabuti. Nilisikia mfupa ukialika kama kuni kavu.

“Mwacheni, ni mtani wangu!” mwalimu alipiga kelele, akamlalia juu. Wakampiga naye.

Mwaka uliotangulia, kwenye maziko ya babu yangu, Mzee Kibwana, mtani wetu, alikuwa amejilaza kaburini akakataa kutoka, tukacheka. Basi nikadhani na kipigo hiki ni utani. Nikacheka, nikapiga makofi, peke yangu ukumbi mzima.

Mzee Kibwana akageuza uso, meno ya mbele hayapo, akaniona. Akacheka na mimi.