Chumba cha Fungate Kule Rusumo

Jamani, nimeoa Jumamosi na tayari sina kauli nyumbani kwangu.

Leo asubuhi, hapa Kicukiro, mimi na mke wangu tumechagua hoteli ya fungate kule Rusumo, tukaweka nafasi. Dirisha linatazama maporomoko ya maji yenyewe! Mke wangu alifurahi mpaka akaanza kuimba.

Kosa langu: nikamwambia mama kwamba tunakwenda Rusumo.

Nusu saa haikupita, akapiga Shangazi Zaituni, dada yake baba. Anaishi hukohuko Rusumo.

"Nimeshahamia sebuleni. Mtalala chumbani kwangu."

"Shangazi, tumeshapata hoteli."



"Hoteli? Kwani mimi nimekufa?"

(Huyu ndiye aliyekwenda kuniposea. Nyie mngemjibu nini?)

Mara baba, ambaye hapigi simu hata nikiugua: "Futa hiyo hoteli."

Nikafuta.

Nikampigia shangazi, nikamuuliza kinyonge kama maji yanaonekana kutoka chumbani.

"Hapana. Na mlango hakuna, lakini lipo pazia jipya. Mimi niko hapo sebuleni, mkitaka kitu mniite tu."

Simu ilikuwa kwenye spika.

Mke wangu ameacha kuimba. Anapanga nguo kwenye begi, na naogopa kumuuliza anakwenda wapi.