Dhahabu ya Uswisi na Paa la Majani

Bei ya kahawa ilipopanda baada ya vita, watu wa akili ndogo huku kwetu Masama walinunua mabati, cherehani na baiskeli. Mume wangu alikuwa na akili kubwa. Yeye alinunua sarafu.

Siku hizo alikuwa karani katika shamba la Mzungu mmoja wa Uswisi, kule Sanya Juu. Aliondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi, na kila Jumamosi alirudi na elimu mpya. Mzungu wake alikuwa na kisanduku cha mbao kilichojaa sarafu za dhahabu za kwao, za zamani, akamfundisha jinsi ya kuzitazama: uishike ukingoni, usiiguse uso, usiisugue kamwe, utafute herufi ndogo ya mji ilikopigwa. Mwanamume aliyekuwa hajui tuna ndama wangapi sasa alijua sarafu ipi ilipigwa mwaka gani. Nilimwuliza ni chini ya mfalme gani. Kumbe Waswisi hawana mfalme. Hilo nalo nilifundishwa.

Yule Mzungu alipouza shamba ili arudi kwao, alimwuzia mume wangu sarafu moja. Ililipwa kwa fedha tuliyoiweka misimu miwili kwa ajili ya mabati, maana nyumba yetu ilikuwa ya majani na ilivuja.

"Bati linaota kutu," aliniambia. "Dhahabu haioti."

"Na mvua je? Dhahabu inazuia mvua?"

"Mama watoto, wewe huoni mbali."

Ni kweli, sikuona mbali. Niliona juu tu, pale maji yalipokuwa yakidondokea kitanda.

Akanionyesha. Upande mmoja palikuwa na ngao yenye msalaba, upande wa pili mwanamke aliyesuka nywele, na nyuma yake milima. "Unaona? Nao wana milima yenye theluji, kama sisi." Nikamwambia mlima wetu ni mkubwa zaidi na tunautazama bure. Hakucheka.

Baada ya miezi michache akapata ya pili. Aliinunua mjini Moshi, katika mkahawa wa chai karibu na stesheni, kwa bwana mmoja wa suti nyeupe aliyesema anatoka Nairobi. Bwana huyo alimweleza kwamba hii ni ya zamani kuliko ile ya kwanza, na kwamba zimebaki chache duniani. Ajabu ni kwamba moja kati ya hizo chache ilikuwa imekuja kunywa chai Moshi. Ilimetameta kama sahani iliyosuguliwa kwa jivu. Ng'ombe wetu mtamba akauzwa ili ilipiwe. Sarafu mpya ikafungwa kwenye kitambaa cha mahameli. Ile ya kwanza, iliyofifia, ikatupwa kwenye kopo la majani ya chai.

Masika hiyo mvua ilitunyeshea ndani. Siku moja ya soko, mume wangu akiwa hayupo, nilizichukua zote mbili, nikateremka Moshi na ndizi zangu kichwani, nikaingia kwa sonara. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Nilimwamkia, akazipokea, akazisugua moja moja kwenye jiwe jeusi la kupimia dhahabu, kila moja ikaacha mstari, akaidondoshea mistari dawa.

"Mama, hii iliyofifia ni dhahabu safi," alisema. "Hii inayong'aa ni shaba iliyopakwa dhahabu juu tu."

"Una hakika?"

Akanionyesha jiwe. Mstari mmoja ulibaki. Mwingine ulitoweka mbele ya macho yangu, na mtamba wetu ndani yake.

Niliwaza kuuza ile nzuri palepale, lakini haikuwa yangu, nikazirudisha zote. Jumamosi nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Akaingia, akanawa mikono, akaifungua mahameli yake, akaishika ile shaba ukingoni karibu na dirisha. Alitabasamu jinsi alivyotabasamu siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza. Nikaenda kukoroga mtori wa ndizi.

Mwaka huohuo kanisa letu likaanza kukusanya fedha za paa. Wazee wa kanisa wawili wakaja nyumbani. "Tunasikia Bwana amekubariki kwa dhahabu," wakasema. Mume wangu, aliyemwambia kila mtu njiani habari za dhahabu yake, sasa alishangaa habari zimewafikiaje. Hakuweza kukataa. Kwa ukarimu mkubwa akawapa ile mbaya, iliyofifia.

Ikapigwa mnada nje ya kanisa Jumapili ya mavuno, baada ya kuku na mkungu wa ndizi. Mkungu uligombaniwa sana.

"Dhahabu ya Uswisi!" mzee wa kanisa alinadi. "Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Bibi mmoja akauliza kama inaliwa. Nikanyoosha mkono na kutaja shilingi kumi, fedha yangu ya maziwa. Mnunuzi mmoja wa ngozi akataja kumi na mbili. Nikasema kumi na tano, akaniachia. Watu walicheka sana: mke ananunua kwa kanisa kitu ambacho mumewe amekitoa kwa kanisa!

"Umeinunua ya nini?" mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Najifunza kuona mbali."

Wiki hiyo sonara aliinunua kwa bei yake ya haki. Sehemu niliipeleka kanisani bila jina, maana mimi nilijua thamani yake na wao hawakujua. Iliyobaki ilinunua mabati ya kufunika chumba cha kulala. Mume wangu aliyatazama na kusema haidhuru, sarafu bora bado anayo.

Alikaa nayo mwaka mzima. Kisha mtoto akahitaji ada ya shule, naye akateremka Moshi kuiuza. Alirudi alasiri na mahameli yake mkononi, sarafu ikiwa bado ndani, akala. Mwishowe akauliza:

"Sonara anakukumbuka. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi sana."

Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja, nami nikacheka naye, ingawa mtamba alikuwa ananiuma bado. Ada tuliilipa kwa kahawa. Msimu uliofuata aliezeka jikoni kwa bati bila kuambiwa.

Kisha akaanza kununua saa mbovu.