Sufi ya Mzee Shomari

Bi Waridi binti Mbaruku alikuwa mshonaji wa mifarishi pale Gerezani, kwenye baraza inayotazamana na ukuta wa reli. Mimi nilikuwa nikipita na mikeka yangu ya kuuza, nikichoka nakaa kwake, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe, na mengine aliyasema mbele yangu.

Mfarishi, kwa wasioujua, ni vitambaa vilivyoungwaungwa vikawa shuka mbili, katikati ikatiwa sufi ya mti, kisha ukashindiliwa mistari ya uzi ili sufi isikimbilie pembeni. Ukiutazama tu utadhani yote ni mamoja. Siyo. Wa bi harusi alikuwa akiushona kwa khanga mpya, rangi za kupigiwa vigelegele. Wa mtoto mchanga, lazima khanga kuukuu za mama na bibi zake, zilizofuliwa hata zikalegea, maana kitambaa kipya kina wanga na kinamkwaruza mtoto. Wa msibani ni kaniki tupu, mnene, wa kukalia watu, na huo ulikuwa ukizunguka mtaa mzima kwa kuazimwa, mpaka leo sijui ulikuwa wa nani hasa. Halafu kuna wa mgonjwa. Huo mwembamba, upande mmoja kitambaa cheupe cha marekani, ili anayeuguza aone upesi kama kuna damu.

Na wa mgonjwa ulikuwa na sharti lake. Akifa mwenyewe kwa kifua kikuu, unachomwa wote, nguo na sufi yake. Bi Waridi ndiye aliyekuwa akiwahimiza watu hivyo. Kuna mjane mmoja wa Mchafukoge aliyetaka kubakiza kidogo, alimsema mpaka yule mama akalia.

Basi mumewe mwenyewe, Mzee Shomari, akaugua kifua. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni ya shida, khanga ya shida, malori yamelala kwa kukosa mafuta, na sufi ya kutoka mashamba haifiki tena Kariakoo. Mzee akatangulia mbele ya haki. Bi Waridi akatoka uani na mfarishi wa marehemu, akautia moto, majirani wakiona. Ila kilichoungua ni vitambaa. Sufi alikwisha kuitoa na kuitia guniani. Alisema baadaye ni kwa sababu ya uhaba. Mimi nadhani pia, mtu uliyelala naye ujana na uzee, si rahisi kukichoma kila kitu alichokilalia. Alipotoka eda aliianika juu ya bati, siku baada ya siku, akaamini jua limeisafisha.

Chumba cha pili cha nyumba ile ile kulikuwa na Sofia, mke wa Vitalis, fundi wa karakana ya reli, watu wa Masasi. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, hii ya pili ikakaa. Akaletewa na mama yake khanga kuukuu, akampelekea Bi Waridi amshonee wa mtoto. Sufi hakuna. Bi Waridi akamwambia ipo, imeletwa na jamaa kutoka shamba. Akatia ile ya guniani.

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Clotilda. Mvua za masika zilipoanza, akaanza kukohoa.

Kuta za pale ni nyembamba. Kila kikohozi Bi Waridi alikisikia. Nilimkuta siku moja sindano iko mkononi na uzi hajatunga, chai imepoa pembeni. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Sofia akapita na mtoto mgongoni, amemfunga ndani ya mfarishi wake, akaamkia. Bi Waridi akamwambia amwachie ule mfarishi, kuna mshono anautilia shaka.

Sofia akacheka. "Bibi nawe, fundi gani unaikimbia kazi yako? Huyu bila mfarishi wake hatulali nyumba nzima."

"Mvue mtoto huo mfarishi, Sofia."

"Una nini?"

"Sufi yake ni ya Mzee Shomari. Sikuichoma. Nilikudanganya."

Sofia alimshusha mtoto, akaufungua ule mfarishi aliokuwa amembebea, akaokota mkasi wa Bi Waridi pale pale barazani na kuupasua katikati. Sufi ikamwagika chini, nyingine ikapeperukia barabarani. Akaondoka na mtoto kwenda hospitali, hata viatu hakuvaa.

Walimpima, wakasema si kifua kikuu, ni baridi tu, wakampa dawa. Mimi ndiye niliyempelekea Bi Waridi habari hiyo, nikidhani atashusha pumzi.

"Safari hii tu," akasema, basi.

Sufi yote iliyobaki aliichoma, peke yake, bila kuita mtu. Kazi akaacha. Wateja wakija anawaambia macho hayaoni, na macho yalikuwa yanaona vizuri. Vitalis naye kila akipita anageuzia uso upande wa reli. Sofia salamu zilikatika.

Masika yakaisha. Asubuhi moja Sofia akaja na ile nguo ya mfarishi, imefuliwa, palipopasuka pameshonwa kwa mkono wa mtu asiyejua kushona, ubavuni ameacha mdomo wazi. Nyuma yake Vitalis na gunia la sufi mpya, aliloomba kwa wenzake wa treni ya Morogoro. Akalitua, akaenda zake kazini.

"Jaza," Sofia akasema. "Mimi nitakaa hapa hapa."

Bi Waridi akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka. Akawa anachota sufi, anamnyooshea kwanza. Sofia anaichambua kwa vidole, anainusa, anaitikia kwa kichwa, ndipo inaingia. Halafu nyingine. Kazi ya asubuhi iliwafikisha alasiri, na hakuna aliyemharakisha mwenzake.