Makasha Arobaini Siku ya Maandalio

Fanuel Ochieng alifungua kasha la kumi na saba saa tisa alasiri, Ijumaa, kwa sababu ndogo tu: alikuwa amesahau kutia karatasi ya maelekezo. Angekuwa mtu wa kusahau na kuacha, saa hiyo angekuwa stendi, anatafuta gari la kwenda nyumbani Kendu Bay.

Kesho yake, Jumamosi, siku ya Sabato, alikuwa awekewe mikono awe mzee wa kanisa. Mara mbili jina lake lilikuwa limefika mbele ya baraza, na mara mbili likarudishwa; safari hii lilipita. Mara ya kwanza alikuwa bado jeshini, na mtu wa jeshi hana Sabato yake. Mara ya pili alikuwa amestaafu, sajini mwenye mgongo mbovu, lakini ameajiriwa tena hapa Awendo, katika banda la zamani la matrekta ya miwa, kufungasha spea za malori ya wanajeshi walioko ng'ambo, na baraza likaona ni jeshi lile lile. Nchi yenyewe mkataba ulikataza isitajwe. Hakuhitaji kutajiwa. Aliwahi kukaa miaka mitatu katika nchi ya namna hiyo, na kuna mafundi wenzake wawili waliofia huko.

Akaingiza mkono kwenye kasha. Vidole vikateleza.

Akatoa pakiti ya raba za breki, zile pete ndogo nyeusi zinazokaa ndani ya silinda ya gurudumu kuzuia mafuta yasivuje. Zilikuwa zinang'aa. Akajaribu moja kwenye silinda mpya iliyokuwa mezani. Haikuingia.

"Bogonko!"

"Sajini." Bogonko alikuja akijifuta jasho. Miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa malori ya miwa, na hakuna mtu Awendo aliyekuwa na huruma na chuma kama yeye.

"Nani amezipaka hizi girisi?"

"Ni mimi," akasema Bogonko kwa fahari. "Wiki tatu zilizopita. Gia nilipaka, shafti nilipaka. Spea ya mvua hii ukiiacha kavu inaliwa na kutu. Nikaona raba nazo zisionewe."

"Girisi inakula raba, bwana. Raba ya breki inataka mafuta ya breki peke yake. Ona ilivyovimba. Mtu akiilazimisha iingie, breki itashika, isiachie."

"Huku ikishika tunagonga nyundo, tunaenda."

"Huku, ndiyo. Lori la miwa likisimama barabarani, wanakuja watoto kuchomoa miwa. Kule likisimama, wanakuja watu wengine."

Bogonko alitazama makasha yaliyopangwa ukutani mpaka juu. Arobaini. Fahari ikamtoka usoni polepole, kama maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka.

Meneja, Beverlyne, alikuwa anafunga ofisi. Alisikiliza hadi mwisho, funguo mkononi.

"Mzee, mkaguzi ameshasaini jana. Lori la Mombasa linabeba kesho saa sita mchana. Haliwezi kungoja, maana hata meli haiwezi kungoja."

"Basi niruhusu nifungue."

"Yote?"

"Yote. Raba za mzigo wa mwezi ujao ziko stoo, hazijaguswa."

"Watu nimeshawaachia. Na wewe si kesho unawekewa mikono? Umetuimbia hiyo habari mwezi mzima." Akamwangalia, kisha akachomoa ufunguo wa stoo kwenye pete ya funguo zake, akampa. "Hayo ni yako, Mzee. Mimi sikulazimishi."

Bora angelazimishwa. Jeshini kulikuwa na raha hiyo moja: dhambi ilikuwa ya aliyetoa amri.

Bogonko alikuwa amesimama pale pale. "Hata mimi ni Msabato, Sajini."

"Najua, omera, ndugu yangu."

"Jua linazama saa kumi na mbili na nusu, Sabato inaingia."

"Najua."

"Maandiko yanasema ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenyewe amtoe. Sasa hapa ng'ombe ni nani?"

"Ni wale vijana walioko kule."

Bogonko akafikiri. "Na aliyemsukuma shimoni ni mimi." Akachukua mtaimbo, akang'oa kifuniko cha kasha la kwanza.

Fanuel akampigia mkewe, Phelesia.

"Sitafika, Mama Cate."

Alisikia sufuria ikitua. Siku ya Maandalio, Ijumaa kama hii, nyumba yote huwa inakimbizana na jua.

"Jeshi ulistaafu lini?" Phelesia akauliza.

"Mwaka wa sita huu."

"Mimi, mke wa mwanajeshi, bado sijastaafu." "Ndugu zako wameshafika kutoka Osiri. Kuku wameiva. Mchungaji nimwambie nini?"

"Mwambie..."

Simu ikakatika.

Wakafungua, wakatoa, wakapangusa chuma kilichokuwa karibu na raba, wakaweka pakiti mpya, wakagongelea tena. Jua lilipozama hakuna aliyelitaja. Umeme ukakatika kwenye kasha la ishirini na tatu. Wakalala juu ya magunia, na kulipopambazuka wakaendelea. Asubuhi Bogonko alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa midomo iliyofumbwa, akagundua, akanyamaza kama aliyekamatwa. Mgongo wa Fanuel uliuma, kisha ukaacha kuuma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kifuniko cha mwisho kilishuka saa tano na nusu. Lori likaja, likapakia, likaenda. Dereva hakuuliza kitu.

Saa saba Phelesia akapiga.

"Walisoma jina lako," akasema. "Nikasimama. Nikasema, yuko kazini. Hivyo hivyo, Sabato, kanisa limejaa."

"Wakasema nini?"

"Wakasoma jina linalofuata."

Fanuel akaegemea nguzo ya banda.

"Umekula?" Phelesia akauliza.

"Bado."

"Kula."

Bogonko alikuwa akimtazama. "Amesema nini?"

"Amesema nile."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ya mabati, moshi wa samaki unatoka mlangoni.

"Kununua chakula Sabato nako ni kosa," akasema Bogonko.

"Tumeshafika mbali," akasema Fanuel. "Twende."