Ukumbi Usio na Mtu

Mwalimu wa falsafa alikuwa mtu wa kusimama. Alifundisha akiwa palepale kando ya ubao, mikono nyuma, na wanafunzi walimwita Mlingoti. Mkewe alisema hata harusini mpiga picha hakuhangaika kumwambia atulie.

Basi chuo kikaleta mtambo. Ukafungwa darini katika kila ukumbi, kazi yake kuona nani anatikisika. Ukumbi ukitulia, mtambo huzima taa mpaka kesho yake na kumtumia mkuu wa kitivo taarifa kwamba hamna mtu. Na somo lisilo na mtu, wakubwa walitangaza, litafutwa. Msikilizaji hasa si ndiye anayetulia? Lakini nani awaulize wakubwa!

Falsafa ilikuwa imeshapewa onyo la mwisho.

"Baba watoto, punga mikono," mkewe alimsihi, akimzungusha sebuleni. "Tikisa na kiuno!"

"Mama watoto, mimi nafundisha mauti."

"Yafundishe kwa kiuno. Wakilifuta somo, utashinda na nani hapa? Na mimi?"

Hilo lilimtia hofu kweli. Kesho yake akapunga. Wanafunzi nao, kwa kumhurumia, wakapanga zamu: wa safu za mbele wajikune, wa nyuma wachezeshe vichwa. Taa ziliwaka wee! Mtambo ukaitaja falsafa kuwa somo lenye uhai kuliko yote chuoni, ingawa hakuna aliyeambulia hata neno moja. Mwalimu alirudi nyumbani bega linamuuma, na roho inamuuma zaidi.

Siku ya somo la mauti, akajikuta anataja kifo cha mama yake. Hakukusudia. Akaeleza alivyokaa kando ya kitanda, yeye na vitabu vyote alivyosoma, akitafuta neno la kumwambia mzazi wake, akalikosa. Mikono ikamshuka yenyewe. Hakuna aliyejikuna. Hakuna aliyekohoa.

Taa zikazimika. Ukumbi haukuwa na dirisha, giza likawa totoro, naye akaendelea kusema.

Mara mkuu wa kitivo akaingia mbio, simu mkononi, akijikwaa kwenye miguu ya watu.

"Samahani, mwanangu, nimekukanyaga," alimwambia mmoja. Kisha akaisoma simu yake kwa sauti: "Ukumbi hauna mtu. Somo limefutwa."

"Hamna neno, mkuu," sauti ya msichana ilimjibu kwa adabu zote. "Ukitoka, turudishie mlango. Sisi tusiokuwepo bado tunasikiliza."