Mama Saumu ndani ya kompyuta ya Mzee Kanti

Leo nusura programu yangu izikwe Kariakoo kwa sababu ya sahani ya wali maharage.

Nilikuwa dukani kwa Mzee Kanti, mchapaji wa kalenda. Mwaka mzima ananikatalia: "Kijana, picha zako zote Wazungu na theluji. Nani Tandika atatundika hiyo ukutani?"

Safari hii nimejaza picha za wapiga picha wetu. Programu unaiweka kwenye kompyuta, unatafuta kwa Kiswahili, ukipenda picha unainunua hapohapo.

Akaandika mwenyewe: mama ntilie.

Ikatokea picha moja safi, mama anapakua wali, mvuke umemzunguka. Mzee akaanza kutabasamu.

Muda huohuo Mama Saumu, mama ntilie wa jirani, anamletea chakula chake cha mchana. Akatazama kioo cha kompyuta. Akaweka sahani mezani polepole.

"Huyo si mimi?"



Mzee akanigeukia. "Unauza watu bila kuwaambia?"



Nikabonyeza jina la mpiga picha lililo chini ya picha. Ikafunguka sura ya binti anacheka: Saumu.

Mama akapiga kigelegele hadi wauza viatu wa nje wakachungulia.

"Mwanangu huyo! Aliniomba, nikamwambia piga tu. Kumbe hakuwa anachezea ile kamera! Mzee, nunua, usikodoe macho bure!"

Mzee akanunua. Picha ya kwanza kabisa kuuzwa kwenye programu yangu!

Alitaka kuiweka Januari. Mama amekataa katakata: "Januari watu hawana hela, wataniangalia kwa hasira."

Nyie mngempa mwezi gani?